Krimu Nzito Katika Jiko la Overport

Mpishi aliyelelewa katika mwambao wetu, awe wa Unguja, Mombasa, Tanga au Lamu, kisha riziki ikamchukua hadi Durban na kumkalisha juu ya kilima cha Berea, katika mtaa wa Overport ambako misikiti, mabucha ya halali na nyumba za kuuza vyakula zimefuatana ubavu kwa ubavu, hukabiliwa mapema na upungufu ambao hakuutarajia, nao ni upungufu wa nazi. Si kwamba nazi hazionekani kabisa. Zinauzwa katika maduka ya Wahindi, hususan kwa ajili ya ibada za Wahindu, walakini nyingi zimesafiri mbali na kukaa sana, na mbuzi ya kukunia haipatikani kwa urahisi hata nazi yenyewe ikipatikana. Mahali ambapo kwao palikuwa pa tui, hapa pamekaliwa na krimu nzito ya maziwa, ambayo imo katika jokofu la kila duka, na ambayo majirani huitia katika mchuzi, katika keki, katika matunda na katika vitamu vya Idi. Mwongozo huu unakusudia kumwonyesha mpishi huyo namna ya kuichagua krimu, kuipika, kuipiga, kuihifadhi na, jambo ambalo wengi hulisahau, namna ya kujizuia nayo.

Inafaa kwanza tujue tumesimama wapi. Durban ni mji uliozoea wageni wa Bahari ya Hindi. Wahindi wa kwanza waliokuja kwa mkataba wa kulima miwa waliteremka kutoka meli ya Truro mwezi Novemba 1860, na posho yao ilikuwa mchele, dengu, chumvi na mafuta au samli, krimu haikuwamo. Mwaka 1873 manowari ya Kiingereza ilishusha hapa watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, ambao waliitwa Wazanzibari na wazao wao wanaitwa hivyo hata leo. Wakawekwa Kings Rest katika rasi ya Bluff, Waislamu wa mji wakawashika mkono, hata katika miaka ya 1960 sheria za ubaguzi zilipowang'oa na kuwahamishia Chatsworth. Basi asemaye Kiswahili katika Overport asijidhanie kuwa wa kwanza kuja na sufuria yake. Na kama anataka kujua majirani zake wanapikaje, atafute kitabu kiitwacho Indian Delights, kilichotolewa mwaka 1961 na jumuiya ya wanawake wa mji huu, Women's Cultural Group, chini ya uhariri wa Bibi Zuleikha Mayat, kitabu ambacho kimechapwa mara nyingi na ambacho maharusi wengi wa Durban huingia nacho katika nyumba zao mpya. Sijui kitabu cha mapishi katika upande huu wa bahari kilichofanya kazi kubwa zaidi ya kuhifadhi mikono ya akina mama.

Sasa tuje kwenye kopo lenyewe. Maziwa yakiachwa yatulie, mafuta yake, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda juu polepole, na mafuta hayo pamoja na maziwa yaliyoandamana nayo ndiyo krimu. Zamani yalienguliwa kwa upawa baada ya kungojewa usiku kucha; tangu Gustaf de Laval wa Uswidi alipotengeneza mashine yake ya kuzungusha maziwa mwaka 1878, viwanda huitenga krimu kwa dakika chache, na mwenye kiwanda ndiye anayeamua iwe na mafuta kiasi gani. Kadiri hiyo ya mafuta ndiyo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata, na mpishi asiyeitazama atapoteza fedha na chakula pamoja. Krimu yenye mafuta asilimia 35 au zaidi ndiyo nzito: hupigwa ikaumuka, na huchemshwa bila kukatika. Yenye asilimia 18 hadi 25 ni ya kumiminia tu. Hata ukiipiga mpaka mkono ufe haitasimama, na katika mchuzi wenye nyanya inahitaji uangalifu mkubwa. Waingereza wanayo nyingine ya asilimia 48, nzito mno, ambayo hupigwa mara chache tu kabla haijageuka siagi.

Jicho lisikuhadae katika jambo hili. Krimu nyingine huonekana nzito kwa sababu imetiwa vitu vya kuigandisha, kama vile gundi za mbegu au za mwani, ilhali mafuta yake ni machache. Nyingine humiminika kama maziwa na kumbe ina mafuta asilimia 36. Kwa hiyo geuza kopo, soma jedwali lililoandikwa nyuma, tafuta gramu za mafuta katika kila mililita 100, na idadi hiyo ndiyo hukumu. Kisha tazama siku ya mwisho wa matumizi, na uchukue kopo la nyuma ya rafu ambako baridi ni kali, si lile la mbele linaloshikwashikwa na kila mpita njia.

Madukani utakuta jamii nne. Ya kwanza ni krimu mbichi iliyopashwa moto kwa kiasi cha kuua vijidudu, inayokaa katika jokofu na kudumu siku chache tu. Hii ndiyo bora kwa ladha. Ya pili ni ya boksi, iliyochemshwa kwa moto mkali mno kwa sekunde chache, inayoweza kukaa kabatini miezi mingi kabla ya kufunguliwa. Ladha yake ina harufu kidogo ya maziwa yaliyochemka, lakini katika mchuzi wenye bizari hakuna atakayeitambua. Ya tatu ni ya kopo la bati, ambayo katika Afrika Kusini watu wote huijua kwa Nestlé Dessert Cream, iliyopikwa ndani ya bati lake, nene, yenye rangi ya maziwa ya mgando, isiyopigika. Nitaieleza mbele kwa kuwa ina kazi yake maalumu. Ya nne si krimu bali ni mfano wake, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, nayo hupendwa na waoka keki kwa sababu husimama imara hata katika joto la Desemba. Siilaumu katika keki ya harusi inayopaswa kungoja hotuba za wazee, ila katika kinywa huacha utando wa mafuta usioondoka upesi, na aghalabu imekwisha tiwa sukari, hivyo usiikaribishe katika mchuzi.

Naam, kupika. Mpishi wa pwani anakuja na ilimu yake ya tui, na ilimu hiyo itamfaa nusu na kumpoteza nusu. Sisi tumefundishwa kwamba tui jepesi hutangulia kuivisha, na tui zito la kwanza, lile la kasimile, huja mwisho, likorogwe bila kupumzika wala lisiachwe lichemke kwa fujo, lisije likakatika. Mafundisho hayo ni ya haki kwa nazi, kwa maana tui halina kitu kinachoweza kuyashika mafuta yake na maji yake pamoja moto ukizidi. Krimu ni habari nyingine. Katika maziwa mna protini iitwayo kasini, ambayo ikikutana na ukali wa nyanya, ndimu au siki, na moto ukawapo, hushikana mabonge mabonge na kuacha maji ya kijivu yakielea. Lakini kadiri mafuta yanavyozidi ndivyo kasini inavyopungua, na mafuta yale huizingira na kuizuia isishikane. Ndiyo sababu krimu ya asilimia 35 unaweza kuichemsha wazi katika kikaango hadi ipungue theluthi nzima, nayo itazidi kuwa nene na kung'aa tu, wakati krimu ya asilimia 18 ikitiwa katika mchuzi huohuo itakuaibisha mbele ya wageni.

Itokeapo kuwa huna ila krimu nyepesi, fanya hivi: ondoa sufuria juu ya moto, chota upawa mmoja wa mchuzi, uchanganye na krimu katika bakuli huku ukikoroga, ongeza wa pili, ndipo umimine vyote katika sufuria, na usirudishe moto mkali tena. Ukali wowote, kama vile ndimu, utiwe baada ya chakula kuepuliwa. Hapa ilimu ya tui inakufaa bila kubadili kitu.

Chakula kinachotajwa kwanza mtu akisema krimu katika Overport ni kuku wa siagi, ambaye asili yake ni Delhi, na ambaye Durban imemtia pilipili kuliko alivyozaliwa nayo. Kwa kuku wa kilo moja na nusu aliyekatwa vipande, roweka kwa kikombe kimoja cha mtindi mzito, kijiko kimoja cha thomu na kimoja cha tangawizi zilizopondwa, pilipili ya unga kwa kadiri ya ujasiri wako, bizari nzima iliyosagwa, dania, chumvi na maji ya nusu ndimu, akae katika jokofu saa nne au usiku mzima. Mchome katika oveni yenye moto wa nyuzi 220 za Selsiasi hadi pembe za nyama zianze kuungua kidogo, kwani ule moshi ndio utakaopambana na utamu wa krimu. Kando, yeyusha gramu 60 za siagi, kaanga kitunguu kimoja kikubwa mpaka kiwe cha dhahabu, tia nyanya zilizosagwa kiasi cha gramu 400, na uzipike bila haraka mpaka siagi ijitenge na kuelea juu. Asiyengoja hatua hii atakula nyanya mbichi zilizopakwa krimu. Chuja rojo hilo kama unapenda ulaini, rudisha jikoni, tumbukiza kuku na maji yake, na baada ya dakika kumi mimina krimu nzito mililita 150. Moto mdogo, dakika tano, kisha sugua viganjani majani makavu ya uwatu na kuyanyunyiza. Basi.

Narudia kwamba ni mililita 150, kwa sababu nimeona katika meza za watu na katika nyumba za chakula kopo zima la nusu lita likimwagwa juu ya kuku mmoja, na matokeo yake ni uji wa rangi ya waridi usiojulikana kama ni kuku au ni kastadi. Mafuta huyeyusha ukali wa pilipili na kuufunika ulimi, na kadhalika huzizima hiliki, mdalasini na karafuu zote ulizozinunua kwa bei. Kwa hiyo onja chumvi na pilipili baada ya krimu kuingia, si kabla, na uwe tayari kuongeza vyote viwili. Wapo wanaoitumia krimu kama sitara: mchuzi ukiungua, krimu, pilipili ikizidi, krimu, nyanya zikiwa chachu, krimu. Mchuzi ulioungua hauponi kwa krimu. Pilipili iliyozidi hupoa kidogo, nayo ni halali kufanya hivyo kwa ajili ya watoto, mradi uitie katika sahani zao na si katika sufuria ya kaumu nzima.

Kamba wanataka njia nyingine. Wapishi wa Durban walijifunza kupika kamba kwa siagi, thomu na pilipili kutoka kwa jirani zao wa Msumbiji, na hata sasa baadhi ya hoteli huwaita kamba wa Lourenço Marques, jina la kale la Maputo. Krimu ikiongezwa huwa chakula cha heshima, ila kosa la kila siku ni kuwapika kamba ndani ya krimu tangu mwanzo, nao wakawa wagumu kabla rojo halijashika. Chukua kamba kilo moja waliomenywa na kusafishwa mshipa wa mgongoni; wapitishe katika siagi ya moto dakika mbili upande mmoja na moja upande wa pili, uwatoe wangali laini katikati. Katika kikaango kilekile kaanga thomu na pilipili mbichi kwa nusu dakika, mimina krimu nzito mililita 250, na uiache ichemke, ukikwangua chini ladha iliyoganda, kwa dakika tano au saba mpaka ukichovya mwiko rojo lishike mgongoni mwake na kidole kikipita kiache njia. Warudishe kamba pamoja na maji waliyoyatoa, wageuze mara mbili tatu, epua, kamulia ndimu, nyunyiza kotimiri. Wali mweupe unatosha, na mkate wa kuchovya unafaa zaidi.

Samaki wa kupaka, kuku wa kupaka na mchicha wa nazi usivitie krimu kwa dhana kwamba ni badala ya tui. Krimu haina ule utamu wa nazi wala harufu yake, na kitoweo hutoka kikiwa kizito bila kuwa kitamu. Heri utumie tui la kopo, ambalo maduka yote ya Overport yanalo, ukitanguliza sehemu ya maji iliyo chini ya kopo na kubakiza ile nzito ya juu kwa mwisho. Pahali pekee nilipoona ndoa ya krimu na tui ikisihi ni katika tambi tamu, nusu kwa nusu, zenye hiliki na zabibu, na hata hapo sikuona kilichopungua krimu isipokuwapo.

Kupiga krimu ni kazi ya baridi, na Durban, hususan kuanzia Novemba hadi Machi, si mji wa baridi. Hewa imejaa unyevu na jiko lina harara hata kabla hujawasha oveni. Krimu huumuka kwa sababu vidonge vidogo vya mafuta, vikiwa baridi na vigumu kiasi, hugongana na kushikana vikazunguka mapovu ya hewa na kuyafunga. Vikipata joto huyeyuka, mapovu yakapasuka, nawe ukabaki na maziwa. Kwa hiyo krimu ikae katika jokofu usiku mzima, bakuli la chuma pamoja na mchapo viwekwe katika friza robo saa, na siku za joto kali weka bakuli hilo juu ya sinia lenye barafu na maji. Anza kwa mwendo wa pole, na krimu ikianza kunenepa tia vijiko viwili vya sukari ya unga kwa kila mililita 250, na tone la vanila, au arki ya mawaridi ukitaka kunukia Unguja. Inua mchapo utazame: ukiacha ncha inayoinama, krimu yafaa kwa matunda, jeli na faluda; ncha ikisimama, yafaa kupamba keki. Kiasi chake kitakuwa kimeongezeka karibu maradufu. Hapo simamisha mkono. Ukipitiliza sekunde chache itakuwa chengachenga na rangi itaelekea manjano, ishara kwamba siagi inazaliwa. Ikiwa imeanza tu, vijiko viwili vya krimu ya majimaji vikikorogwa kwa mkono huweza kuirudisha, na ikiwa imekwisha pita, songa mbele uitengeneze siagi, nami nitasema namna yake hivi punde.

Hapa niweke onyo kwa mwenye kuchunga halali. Krimu yenyewe haina shaka, ila viongezwavyo ndani yake vinaweza kuwa navyo. Jelatini, inayotumika kushikiza krimu ya keki na vitamu vingi vya kutengenezwa viwandani, hupatikana kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi ni ya nguruwe. Viungo vingine, kama vile kile kinachoandikwa E471, vyaweza kuwa vya mimea au vya wanyama, na mtu hawezi kujua kwa kusoma tu. Afrika Kusini ina taasisi zinazokagua na kutoa alama, miongoni mwao SANHA, NIHT na Baraza la Mahakimu wa Kiislamu la Cape, MJC. Tafuta alama mojawapo juu ya kopo. Ukitaka kushikiza krimu nyumbani bila jelatini, tumia kijiko kimoja cha maziwa ya unga kwa kila mililita 250, kitiwe pamoja na sukari.

Sasa lile bati. Wahindi wa Durban wana kitamu cha maziwa kinachoitwa bafi, ambacho kwa asili India hutengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa saa nyingi mpaka yakakauka, lakini hapa akina mama, kwa busara ninayoistahi, wamefupisha safari hiyo kwa maziwa ya unga, aghalabu ya Klim, na krimu ya bati. Unene wa krimu hiyo na yale mapishi iliyoyapata ndani ya bati lake, ambayo katika mchuzi ni aibu, hapa ndiyo hasa yanayotafutwa. Weka maziwa ya unga gramu 500 katika bakuli pana, tia bati moja la krimu la gramu 290, na usugue kwa vidole mpaka viwe kama unga wa vitumbua uliopata maji machache. Acha saa mbili au zaidi, kisha upitishe katika mashine au chekecheo hadi iwe chenga laini. Chemsha vikombe viwili vya sukari katika kikombe kimoja cha maji mpaka shira ishike na kuvuta uzi kati ya vidole viwili, epua, tia kijiko cha arki ya mawaridi na kijiko kidogo cha hiliki, mimina ule unga wa maziwa huku ukikoroga kwa nguvu, changanya gramu 100 za lozi zilizosagwa, na ulaze katika sinia lililopakwa samli. Pamba juu kwa lozi zilizokatwa nyembamba. Ikae usiku mmoja bila kufunikwa kwa mfuniko wa kubana, ndipo uikate. Shira ikiwa nyepesi, bafi haitashika kamwe; shira ikipikwa mno, itakuwa jiwe. Hakuna mizani ya kukuokoa hapo zaidi ya vidole vyako.

Kitamu kingine cha nchi hii kinachostahili kujulikana ni malva, keki laini yenye jamu ya aprikoti, ambayo ikitoka tu motoni hunyweshwa rojo la krimu. Rojo hilo ni krimu mililita 250, siagi gramu 100, sukari gramu 150 na nusu kikombe cha maji, vyote vichemshwe pamoja dakika mbili. Sharti ni kwamba keki iwe ya moto na rojo liwe la moto. Toboa keki kwa uma, mimina kidogo kidogo, na uingoje inywe. Aliyezoea kumimina shira juu ya kaimati hahitaji mafundisho zaidi.

Kuhusu hifadhi, krimu mbichi ikae katika nyuzi 4 au chini yake, ndani kabisa ya jokofu na si mlangoni, mbali na vitunguu na samaki kwa kuwa mafuta huvuta harufu, na ikifunguliwa itumike kwa siku tatu au nne. Umeme wa mgao, ambao Afrika Kusini imeujua sana, usikutishe mradi mlango wa jokofu haufunguliwi. Jokofu lililofungwa hubakiza baridi yake kiasi cha saa nne. Ikizidi hapo, usiitegemee pua wala ulimi, bali krimu iliyopoteza baridi itupe, na ya boksi iliyovimba vilevile, bila huruma. Krimu huweza kugandishwa katika vibakuli vya barafu na kutumika katika mchuzi baadaye, lakini iliyogandishwa haipigiki tena vema.

Iliyobaki usiitupe. Nusu lita ya krimu ya asilimia 35 hutoa takribani gramu 200 za siagi: ipige au itikise katika chupa ya mdomo mpana mpaka mafuta yajitenge na maji meupe, yachuje, yaoshe kwa maji ya barafu hadi maji yatoke safi, ukamue, utie chumvi. Yale maji meupe ni mazuri kwa kukandia maandazi au skonzi. Na siagi yenyewe ukiichemsha taratibu mpaka povu lizame na masimbi yawe hudhurungi, umepata samli ambayo haina mshindani dukani.

Msomaji wangu aliye Tanga, Kismayu au Kigoma, ambaye krimu ya duka kwake ni ghali au haipo, naye asikate tamaa. Chemsha maziwa halisi ya ng'ombe, yaache yapoe usiku kucha bila kutikiswa, na asubuhi uengue malai iliyoganda juu. Kusanya ya siku tatu katika jokofu, na utapata kitu ambacho hakipigiki lakini katika mchuzi kinaishinda krimu ya boksi. Au yeyusha robo kikombe cha siagi katika robo tatu kikombe cha maziwa ya uvuguvugu na kukoroga: kwa kupikia yatosha, kwa keki hapana.

Limebaki neno la kiasi. Krimu nzito mililita 100 zina karibu gramu 35 za mafuta na nishati ya kalori 330 au zaidi, na kisukari ni maradhi yaliyoenea mno miongoni mwa Wahindi wa Durban, kama yanavyozidi kuenea miongoni mwetu sisi wa pwani ya kaskazini. Mtu mwenye krimu, samli, sukari na wali katika meza moja, kila siku, hapiki bali anajidhuru. Ifanye kuwa chakula cha Ijumaa, cha mgeni na cha Idi. Kopo la mililita 250 latosha mchuzi wa watu sita. Ukijikuta unanyosha mkono kuchukua la pili, rudi kwanza ukaonje bizari zako.